Popo Alivyopigania Usingizi wa Mchana

Sogeeni, enyi mlalao usiku na kuamka asubuhi mkijinyoosha kana kwamba mmefanya jambo! Sogeeni, wekeni simu chini, na wewe uliyekaa karibu na mlango hebu ufunge, upepo unaingia. Nataka kuwapa habari kubwa, habari ya siku ambayo mtu mmoja, bila jeshi, bila farasi, bila ngao yoyote ila blanketi la kijivu lililotoboka pembeni, alitoka kupigana na Mchana wote, tangu jua lilipopanda mapaa hadi alasiri ilipoanza kuinama. Anayetaka habari za wafalme akatafute kwingine. Wafalme hulala wapendapo.

Wala asiniulize mtu mimi ni nani hata nisimulie. Mimi ni mpangaji wa chumba cha pili, ukuta mmoja na shujaa, na yote nitakayonena niliyaona, au niliyasikia ukutani, au niliambiwa na aliyekuwapo. Sina upande katika vita hivi. Lishikeni neno hilo, maana huko mbele nitalihitaji.

Shujaa wetu mtaa mzima ulimwita Popo, kwa kuwa hutoka jua likizama na kurudi likichomoza. Lakini huko kiwandani, penye mikate, alikuwa na majina ya enzi: Bwana wa Tanuri la Pili, Mgeuza Trei, Asiyeunguza. Miaka sita alisimama mbele ya moto ule, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na katika miaka hiyo sita hakuna mkate hata mmoja uliotoka mweusi mikononi mwake. Alikuwa nayo raha yake, msidhani hakuwa nayo. Alirudi asubuhi na mapema barabara ikiwa yake peke yake, na mikate miwili ya moto kwapani, akijua kwamba kila mlango anaoupita, ndani yake kuna mtu atakayeula mkate wake kwa chai. Alipiga mluzi. Nilimsikia kila siku, na kila siku uliniudhi.

Tabu yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na umri wa miaka saba. Binti yake, ambaye nyumba nzima tulimwita Wakili kwa sababu hajawahi kushindwa kesi, hata ile ya sukari iliyopungua koponi akiwa na sukari mdomoni. Wakili alimjua baba yake akiwa amelala. Akitoka kwenda shule, baba anaingia kulala. Akirudi, baba bado yumo blanketini, kisha anaamka mbio, na mazungumzo yao ya siku nzima hufanyika dakika kumi, baba akiwa na mswaki mdomoni. Siku moja mwalimu wa darasa la pili akawaambia watoto wachore familia. Wakili akamchora mama yake kwenye cherehani, akajichora mwenyewe mkubwa kuliko cherehani, na pembeni akachora kitu cha kijivu cha pembe nne.

"Hili sanduku la nini?" mwalimu akauliza.

"Si sanduku, mwalimu. Huyo baba."

"Mbona hana uso?"

"Anao. Uko ndani ya blanketi."

Picha hiyo ililetwa nyumbani. Popo aliitazama muda mrefu, akasema imechorwa vizuri, akatoka nje kunawa uso mara mbili.

Basi ikawa Alhamisi moja, siku ambayo darasa la pili lilikuwa na maonyesho mbele ya wazazi, saa tisa alasiri. Popo aliporudi saa moja asubuhi, unga nyusini na mikate kwapani, alimkuta Wakili amesimama mlangoni kwa sare ya shule, mikono nyuma, akimngoja. Mama yake, mshonaji, alikuwa amekwisha kufunga kanga na kushika mkasi wake, maana alikuwa na sketi arobaini za kukabidhi jioni ile na hakuweza kuondoka kwenye cherehani hata kama nyumba ingeungua.

Akanena Wakili: "Baba, naomba unisikilize bila kupiga miayo. Maonyesho ya kwanza ulikuja, ukakoroma. Ya pili ulikuja, ukakoroma mpaka mwalimu mkuu akanyamaza. Leo mimi ni Mzizi. Nina mistari minne, nimeikariri yote. Ukija na kulala tena, sitakasirika. Ila usije tena siku nyingine. Nitamwambia mwalimu baba yuko safari, na sitakuwa nimedanganya sana."

Popo akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaweka mkono juu ya mkate. "Mwanangu, naapa kwa Tanuri la Pili, leo nitalala mchana mpaka usingizi wenyewe uniombe msamaha, na saa tisa utaniona nimekaa pale macho kodo kama bundi."

"Mume wangu," mshonaji akasema, "viapo baadaye. Lala. Saa zinakwenda."

Wakatoka wote wawili, na Popo akabaki peke yake kuijenga ngome.

Na ngome hiyo, jamani, ilikuwa ngome! Dirishani alikuwa amegongomea mifuko mitatu mitupu ya unga, ya kilo hamsini hamsini, mmoja juu ya mwingine. Chini ya mlango akasukumiza taulo. Masikioni akatia pamba. Simu akaitegea kengele ya saa nane kamili, akaiweka mtoni, yaani chini ya mto, akajifunika blanketi gubigubi. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Mchana ukapiga baragumu.

Mshale wa kwanza ulikuwa wa jua. Msumari mmoja ulikuwa umetoboa mifuko yote, na katika tundu hilo, lisilozidi punje ya mtama, ukapita mwale mmoja ukatua kwenye jicho lake la kushoto. Akageuka, mwale ukahamia la kulia. Akajifunika, akakosa pumzi. Hapo ndipo Asiyeunguza alipoonyesha akili ya fani yake: akamega sehemu laini ya mkate, akaifinyanga kwa vidole, akaziba tundu, na giza likarudi mahali pake.

Hakumaliza hata kuvuta blanketi, mara nje ikalia mashine ya kukatia vyuma. Fundi wa mageti, ambaye karakana yake inatazamana na dirisha la Popo, alikuwa ameanza siku yake. Sauti ile ilipita mifuko mitatu ya unga na pamba ya masikio ikamkaa Popo kwenye meno. Akainuka. Akatoka nje hivyo hivyo, blanketi mabegani, miguu mitupu, mkate wa pili mkononi, na kazi zote za barabarani zikasimama kumtazama.

"Fundi!" akanguruma. "Sina ugomvi na wewe. Geti lako ni zuri, nimelipita asubuhi nikalisifu. Lakini mimi nina mtoto, na mtoto wangu leo ni Mzizi saa tisa, na nisipolala sasa hivi nitapoteza kitu ambacho hakiuzwi dukani. Chukua mkate huu. Bado una moto. Nipe amani kwa muda utakaoutafuna."

Fundi akavua miwani yake ya kazi. Naye alikuwa mtu wa maneno. "Popo, jirani yangu, mwenye geti hili anakuja saa saba. Nikimwambia nilisimama kwa sababu ya mtu aliyelala, atanicheka mpaka kesho. Lakini na mimi nina watoto." Akautazama mkate, akaunusa. "Haya. Nitaula polepole. Kisha nitaanza na kupiga rangi upande wa pili, rangi haina kelele. Nenda ukalale, bwana, unatisha watu."

Wakashikana mikono. Popo akarudi ngomeni akitembea kama aliyeteka mji, akalala, na usingizi ukamjia mpaka kwenye kope. Simu ikalia.

"Haloo," akanong'ona.

"Umelala?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake.

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nilitaka tu kujua kama umelala, nisije nikakusumbua."

"Ahsante, mama."

"Basi lala, mwanangu. Nitapiga baadaye nijue kama umepata usingizi."

Nayo ahadi hiyo aliitimiza, maana ni mwanamke wa neno lake: alipiga saa tatu, akapiga saa tatu na nusu. Mkwe hakatiwi simu. Hilo Popo alilijua. Kuizima hakuweza, kwa kuwa kengele ya saa nane ilikuwa humo humo. Akakaa kitandani akafikiri, kwa kichwa cha mtu asiyelala tangu jana, na akili ikamletea hila ambayo ni mtu wa zamu ya usiku tu anayeweza kuiona nzuri: akaizungushia simu sweta la mkewe, akaitia ndani ya sufuria kubwa, akafunika kwa mfuniko, juu ya mfuniko akaweka jiwe la kuzuilia mlango. Mama mkwe asisikike, akasema moyoni, ila kengele isikike. Akajipongeza kwa hekima hiyo. Wewe unacheka, ungekuwa umesimama saa kumi na mbili nzima mbele ya tanuri, ungetia na jiwe la pili.

Adui wa mwisho alikuwa redio. Ilikuwa redio kubwa, ya chumba cha jirani, na mwenye nayo hapendi kutajwa. Popo aligonga ukuta mara tatu. Mwenye redio akadhani jirani amependa wimbo, akaongeza sauti.

Haya, yatosha, nisiwazungushe. Redio ilikuwa yangu. Nilisema sina upande, na kweli sikuwa nao. Nilikuwa na redio. Aligonga tena, nikaongeza tena, na baada ya hapo mlango wangu ukafunguliwa, naye akawa amesimama pale na blanketi lake, pamba imening'inia sikio moja, macho mekundu. Hakutoa hotuba. Watu wote siku ile aliwapa hotuba ila mimi. Alinitazama tu. Nikaizima. Niliona aibu, na naisema hapa mbele zenu kwa sababu sijawahi kumwambia yeye.

Ilikuwa saa nne na nusu. Bwana wa Tanuri la Pili akaanguka kitandani, na mkoromo wake ukapita ukutani, nami nikakaa upande wa pili nikiulinda. Nilimfukuza hata muuza ndoo aliyepita akiita wateja.

Ilipotimu saa nane kamili, nilisikia kitu upande ule. Kilikuwa chembamba mno, kama nyenje aliye mbali sana, kikaimba, kikaimba, kikachoka. Nikasema ni wadudu. Sikujua ni kengele, ndani ya sweta, ndani ya sufuria, chini ya jiwe.

Na mbinguni nako mambo yalikuwa yanapikwa. Wingu moja jeusi, pana, lilitanda juu ya mtaa, na dunia ikatiwa giza la magharibi saa nane na nusu mchana. Ndipo Popo akashtuka. Hakuamshwa na mtu. Aliamshwa na hofu ile ya miaka sita, inayokaa tumboni mwa kila mtu wa zamu na kumpigia kelele: umechelewa kazini! Akafungua mlango. Akaona giza. Akaona taa yangu inawaka. Akaangalia mahali pa viatu vya Wakili, havikuwapo. Na katika kichwa chake yote yakajipanga: jioni imefika, maonyesho yamekwisha, mtoto amemtafuta kwenye viti asimwone, amekwenda kwa mama yake kwenye cherehani, hataki hata kuja nyumbani.

Nilimwona akiketi kizingitini. Alilia, naam, alilia waziwazi, mtu mzima yule, akijifuta kwa pembe ya blanketi. Kisha akainuka, maana mikate ya watu haina habari na machozi, akavaa sare yake nyeupe iliyojaa unga wa jana, kofia yake nyeupe, buti zake za mpira, akatoka mbio.

Na mimi, ambaye dakika hiyo ningeweza kuokoa historia kwa neno moja, nilimwona na sare nikamwambia, "Leo umechelewa, Popo!" Maana mtaa wetu hatutazami saa, tunatazama Popo. Akipita na sare, ni jioni. Basi alipopita, mama wa nyumba ya kona akaanua nguo. Muuza duka akaanza kuingiza magunia ndani. Fundi wa mageti akafunika rangi, akakusanya vyombo vyake, akasema siku imekwenda upesi ajabu. Watu walianza kuagana. Mtaa mzima ulifunga kazi saa tisa kasoro dakika ishirini, kwa amri ya mtu mmoja mwenye buti.

Kwenye geti la kiwanda akazuiwa na askari asiyemjua.

"Simama! Wewe nani?"

"Mimi Popo, wa Tanuri la Pili. Fungua, ndugu yangu, nimechelewa."

"Popo gani? Mimi nalinda hapa mchana miaka minne, sura hiyo sijawahi kuiona."

"Na mimi natoka geti hili miaka sita, yako sijawahi kuiona. Huo mkate unaotafuna, unadhani nani kauoka?"

Askari akautazama mkate, akamtazama Popo. "Kama ni wewe, umeuoka vizuri. Zamu yako saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Kumi na mbili ya lini, kaka? Sasa hivi ni saa tisa kasorobo."

Hapo, enyi wasikilizaji, tegeni masikio. Popo akageuza shingo, akaitazama saa ya ukutani ndani ya kibanda cha askari. Akaitazama tena. Na wingu lile, baada ya kuudanganya mtaa mzima, likajikusanya bila kudondosha hata tone, likaenda zake, na jua likampiga usoni. Jua lile lile alilolizibia tundu asubuhi! Siku ile alilipenda. Akamkumbatia askari mpaka kifua cha askari kikawa cheupe, akamwambia, "Wewe ni malaika mwenye rungu," akageuka, na buti zikaanza kulia barabarani, kwapu, kwapu, kwapu, mitaa minne bila kupumzika.

Yaliyotukia shuleni nimeyapata kwa Wakili mwenyewe, ambaye hasemi uongo ila kuhusu sukari.

Popo aliingia ukumbini mwalimu mkuu akiwa ameanza kuwakaribisha wazazi. Na mwalimu mkuu yule, jamani, ana sauti ya kubembeleza. Nimewahi kumsikiliza nikiwa nimelala saa tisa nzima usiku uliotangulia, na bado nilisinzia. Ukumbi ulikuwa na joto, wazazi wamebanana, na Usingizi, aliyetafutwa tangu asubuhi, sasa akaja na jeshi lake lote. Popo hakuthubutu kuketi. Alisimama nyuma, mgongo ukutani. Akajifinya paja, paja likafa ganzi. Akauma ulimi. Kichwa kikashuka mara moja, kikashuka mara ya pili.

Ndipo akakumbuka yeye ni nani. Miaka sita hajawahi kusinzia trei ikiwa ndani. Akalikazia macho jukwaa, akaanza kunong'ona, "Mkate uko motoni. Uko motoni. Uko motoni." Mama aliyekuwa jirani yake akasogea pembeni kidogo. Na kope zilipokataa kutii hata maneno hayo, akazishika kwa vidole, mbili za juu kwa mkono wa kulia na wa kushoto, akaziinua, akazishikilia hapo.

Likatoka Shina, likasema. Yakatoka Majani, yakasahau. Akatoka Mzizi, amevaa mfuko wa unga uliotobolewa kichwa na mikono, maandishi ya kiwanda yakiwa tumboni.

"Mimi ni Mzizi," akasema Wakili, akanyamaza.

Mwalimu wake akamnong'oneza mstari wa pili, akidhani umemtoka.

"Naujua," Wakili akajibu kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. "Subiri kwanza, namwangalia mtu."

Akapitisha macho safu kwa safu, na kati ya akina baba wote waliokaa kwenye viti, wake hakuwamo. Kisha akaona nyuma kabisa, ukutani, mtu mweupe kutoka kofia hadi magoti, mwenye buti za mpira, ameshikilia kope zake kwa vidole, anamtazama. Wakili akavuta pumzi.

"Mimi ni Mzizi. Nakaa chini, gizani, hamnioni. Nyote mkilala, mimi napeleka maji juu. Mti ukisimama, jueni nipo."

Sekunde arobaini. Popo hakukosa hata moja. Machozi yalimmwagika vidoleni, akamwambia yule mama aliyekuwa kando yake kuwa ni kope zinauma. Makofi yakapigwa, na ngurumo ya makofi hayo ndiyo iliyomwangusha: akateleza ukutani polepole, akafika chini, na kabla Mzizi hajainama kushukuru, Bwana wa Tanuri la Pili alikuwa anakoroma.

Mwalimu mkuu akanyamaza katikati ya hotuba ya kufunga. Wazazi wakageuka. Mtu mmoja akanyoosha mkono kumtikisa. Wakili alikuwa ameshashuka jukwaani na mfuko wake wa unga, akapita kati ya viti, akasimama mbele ya baba yake, akauondoa mkono ule.

"Mwacheni," akawaambia. "Sasa ameruhusiwa."

Akakaa chini kando yake, akamngoja mpaka saa kumi na moja, kisha akamwamsha aende kazini.

Iandikwe basi, na wanaoandika habari za vita waandike kwa wino ule ule, kwamba Alhamisi ile mtu wa zamu ya usiku aliuona mchana, sekunde arobaini nzima, na Mchana ukasalimu amri. Askari wa geti sasa humwachia salamu kwa askari wa usiku. Mama mkwe hupiga saa tisa. Redio yangu haifunguliwi kabla ya saa nane, na anayetaka muziki asubuhi akae kwake.

Na juu ya kitanda cha Popo, kwenye mifuko ya dirishani, pale palipokuwa na tundu la msumari, kuna picha mpya. Mama yupo kwenye cherehani. Wakili yupo, mkubwa kuliko cherehani. Pembeni kuna blanketi la kijivu la pembe nne, na katikati ya blanketi, makubwa, meusi, yamekolezwa kwa penseli mpaka karatasi ikatoboka, kuna macho mawili.